Somo Lililotusoma Kwanza

Mwezi wa pili tulikaa na vijana kwenye chumba chetu cha kikundi tukijaza fomu za kuomba ufadhili wa chuo kikuu. Walikuwa 11. Fomu ina sehemu inayouliza unataka kusoma nini, na kwa sababu gani. Nilipita nyuma yao nikichungulia juu ya mabega, na kwenye fomu sita nikakuta jibu lile lile: maendeleo ya kimataifa. Si udaktari, si ualimu, si ufundi wa umeme. Maendeleo.

Nikawauliza, juu ya nini? Mmoja akacheka. "Kaka, si unaona wale wanaoshuka kwenye magari meupe? Wote wamesoma hiyo." Wengine wakacheka pia, juu ni kweli. Binti mmoja tu hakucheka. Aliniuliza kitu ambacho siku ile sikuwa na jibu lake: "Sasa hiyo maendeleo inasomwaka kwa vitabu gani? Nani aliianzisha?"

Mimi nimeishia sekondari. Nilipata cheti changu Kivu ya Kusini, halafu tukakimbia, na leo niko Nakivale nafanya kazi na vijana: mpira, midahalo, barua, kumsindikiza mtu hospitali au polisi. Swali la yule binti lilinikaa kichwani wiki nyingi. Nikaanza kusoma kwa simu usiku wakati mtandao umetulia, na mwalimu mmoja akaniazima vitabu vyake viwili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata. Siyo historia yote, ni ile inayotuhusu sisi tunaojaza fomu.

Lakini kwanza niseme jambo langu mwenyewe, ili msomaji ajue nimesimama wapi.

Miaka mitatu iliyopita nilifanya kazi siku tisa na mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Alikuwa anasoma shahada ya pili ya maendeleo ya kimataifa, na alikuja kufanya utafiti juu ya wakimbizi kujitegemea. Alikuwa mtu mzuri, mpole, alikula nasi ugali na sombe bila kinyaa. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Tulikuwa tunaingia nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali. Mnakula mara ngapi kwa siku? Pesa ikiingia nani anaamua? Chakula cha msaada kikikatwa, unaona unaweza kusimama mwenyewe?

Siku ya tano tulifika kwa mama mmoja wa Fizi anayeuza mboga. Alijibu yote kwa heshima, mpaka swali la mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, mwaka jana alikujaka mwingine na haya maulizo, na mwaka ule mwingine tena. Yanaendaka wapi?"

Nikatafsiri. Mwanafunzi akajibu kwamba yanakwenda kwenye tasnifu yake, na tasnifu itasaidia kuboresha sera. Jaribu wewe kumwambia mama wa Fizi "kuboresha sera". Nilizunguka maneno mpaka nikachoka, na nilipomaliza mama alikuwa ananitazama mimi, siyo yule mgeni.

Ile tasnifu nilikuja kuiona kwenye mtandao. Ukurasa wa shukrani unamtaja "mkalimani wangu", bila jina. Ndani yake nilikuta sentensi zangu nyingi zimegeuzwa Kiingereza. Sikukasirika sana, alinilipa tulivyokubaliana. Ila nilijiuliza: kwa nini yeye ndiye aliyepewa somo hili kulisoma, na sisi ndio tuliokuwa ndani ya kitabu?

Sasa tuingie kwenye historia. Kwa sababu mimi ni Mkongomani, naanzia Ubelgiji.

Mwaka 1920 Wabelgiji walifungua shule ya juu ya ukoloni katika mji wa Antwerp. Baadaye ikaitwa chuo kikuu cha kikoloni. Kijana wa Kibelgiji aliyetaka kuja kutawala teritwari Kongo alikwenda kufundishwa pale: sheria za koloni, lugha zetu, mila zetu, uchumi wa mashamba, afya ya nchi za joto. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Ubelgiji ilikuwa imepewa pia Ruanda-Urundi, kwa hiyo darasa lile lilitoa watawala wa nchi tatu ambazo leo watoto wake wamejaa kwenye kambi zetu. Sijui kama wenzangu mnaona jambo hilo kama ninavyoliona. Palikuwa na chuo kizima, chenye walimu na mitihani, na somo lake lilikuwa sisi. Madawati yake hayakuwa ya watoto wa Uvira wala Gitega.

Mwaka 1949 Wabelgiji wakatoa mpango wa miaka kumi wa maendeleo ya uchumi na jamii ya Kongo. Wazee wetu wanaukumbuka kwa barabara, zahanati na nyumba za matofali. Nisiseme uongo, vitu vilijengwa, na vingine bado vimesimama vinatumika. Lakini tazama upande wa elimu. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954, kile cha Elisabethville mwaka 1956. Tarehe 30 Juni 1960 tulipopata uhuru, Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, na nchi ina ukubwa ule. Mpango wa maendeleo wa miaka kumi ulikuwepo, ila haukuandikwa ili uendeshwe na Wakongomani. Mtu anaweza kukujengea zahanati na bado asitake uelewe ilijengwaje, kwa pesa gani, na kwa nini imewekwa hapo na siyo ng'ambo ya mto.

Chuo kile cha Antwerp kilifungwa mwaka 1962. Kisingizio cha kuwepo kwake kilikuwa kimekwisha. Majengo yake yakaingia kwenye chuo kikuu cha serikali, na mwaka 1965 ikaanzishwa humo koleji ya nchi zinazoendelea. Leo kazi hiyo imekuwa ya taasisi ya sera za maendeleo ya Chuo Kikuu cha Antwerp, na Wakongomani na Warundi wanakwenda kusoma shahada ya pili pale. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, walimu wake wametoa kila mwaka kitabu juu ya Maziwa Makuu, na baadhi yao wameandika ukweli juu ya serikali zetu ambao mwandishi wa Bukavu au Kigali angeuandika angepotea. Kwa hiyo mimi siyo mtu wa kusema "ni ukoloni ule ule umebadilisha shati". Watu walibadilika. Maswali pia yalibadilika. Ila mahali pa kuulizia palibaki pale pale.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Maofisa wao wa koloni walipewa kozi Oxford, Cambridge na London, na uhuru ulipokuja baadhi ya kozi hizo zikaendelea kwa jina la maendeleo. Lakini huku Uganda kuna habari nyingine iliyonigusa zaidi. Makerere kulianzishwa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1950 mkurugenzi wake alikuwa mama mmoja Mwingereza, Audrey Richards. Kitabu kikubwa alichokihariri kikatoka mwaka 1954. Kilihusu nini? Wahamiaji waliokuja kufanya kazi Buganda, wengi wao kutoka Rwanda na Burundi, waliotembea kwa miguu kuja kulima pamba na kahawa kwenye mashamba ya watu. Na kwenye jina la kitabu neno maendeleo limo.

Yaani miaka 70 iliyopita, mtu wa Burundi akifika Uganda kutafuta maisha, tayari kulikuwa na mtu mwenye daftari anamsubiri.

Wengi wakieleza mwanzo wa somo hili wanataja hotuba ya Rais Truman wa Marekani ya tarehe 20 Januari 1949, siku aliyoapishwa. Katika jambo lake la nne alisema Marekani itatumia ujuzi wake kusaidia sehemu za dunia ambazo hazijaendelea. Kuanzia siku hiyo, wanasema, nusu ya dunia iliamka ikaambiwa haijaendelea. Ni hotuba muhimu, lakini naona watu wanaipa mzigo mkubwa kuliko inavyostahili. Waingereza walikuwa na sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni tangu mwaka 1940, na Antwerp tayari tumeiona. Truman aliipa kazi ambayo ilikuwa inafanyika jina la kupendeza na pesa nyingi.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno letu. Kiswahili kinasema "maendeleo", na mzizi wake ni kuendelea, yaani kuenda tu, kusonga, kutosimama. Mtu anaweza kuendelea na safari, na ugonjwa pia unaweza kuendelea. Hata vita inaendelea, na hiyo sisi tunaijua vizuri. Neno lenyewe halisemi unaenda wapi wala nani anakusukuma. Labda ndiyo maana linakubali kubandikwa kwenye kila ubao wa mradi.

Mahali ambapo somo hili liligeuzwa kichwa chini ni Dar es Salaam, na hapa nataka kukaa.

Chuo kile kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, ndani ya jengo la chama cha TANU. Baadaye wakahamia kilimani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu. Serikali ilikuwa imesema kila anayemaliza masomo aingie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda atafanya kazi kwa mshahara uliopunguzwa. Wao hawakutaka. Bango moja lilisema hali ilikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika kweli kweli, akafukuza zaidi ya 300 warudi kwao kijijini. Na kwa sababu walikuwa wamemwambia kwamba mishahara ya viongozi ni minono, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Mwezi wa tatu mwaka huo huo pakafanyika mkutano pale chuoni kujadili: chuo kikuu cha nchi maskini ni cha kazi gani? Mkulima wa Dodoma anamlipia mtoto huyu asome sheria. Mtoto anamaliza, anamuona mkulima kama mtu wa nyuma. Ndipo likaja wazo kwamba kila mwanafunzi, hata wa sheria, hata wa sayansi, lazima asome somo moja la pamoja juu ya jamii yake na uchumi wake. Somo hilo likakua, na mwaka 1973 likapata taasisi yake, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mtanzania aliyepita chuo kikuu ukimtajia "DS" atajua unasema nini, na mara nyingi ataguna.

Katikati ya mambo hayo alikuwepo Walter Rodney, mtu mweusi wa Guyana, mwalimu wa historia. Alifundisha Dar mwaka 1966 hadi 1967, halafu tena 1969 hadi 1974. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Kilichapishwa London na Dar es Salaam, na huku Dar mchapishaji alikuwa Tanzania Publishing House. Aliyezoea kusoma kwamba Afrika "haijaendelea" kama vile mtoto ambaye hajaota meno, alikuta mtu anasema hapana, meno yaling'olewa. Hapo swali likageuka. Badala ya kuuliza "hawa tuwaendelezeje?", darasa likaanza kuuliza "nani alichukua nini, kwa njia gani, na kilikwenda wapi?" Mwaka 1980 Rodney aliuawa kwa bomu kwao Georgetown. Alikuwa na miaka 38.

Wanafunzi wa wakati ule hawakuwa Watanzania peke yao. Rais wa nchi inayotuhifadhi, Museveni, alisoma pale kuanzia 1967 hadi 1970 na akawa kiongozi wa kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi. Kuhusu yale yaliyofuata kila mtu ana maoni yake, na mimi mkimbizi maoni yangu nayaweka mfukoni.

Nikilinganisha na kwetu, naumia. Lovanium nako wanafunzi waliandamana, tarehe 4 Juni 1969, na jeshi la Mobutu likawapiga risasi barabarani Kinshasa. Walipowakumbuka wenzao mwaka 1971, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu, halafu akaunganisha vyuo vyote kuwa kimoja cha taifa ili avishike vizuri. Nyerere aliwafukuza wake, baadaye akawarudisha wengi, na ule ugomvi ukazaa somo. Ugomvi wetu ulizaa makaburi.

Lakini Dar nako kuna ambalo lazima lisemwe. Mwaka 1968 Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza wenyewe. Kuanzia 1973 serikali yake hiyo hiyo ilihamisha mamilioni ya wanakijiji kwenda vijiji vipya, wengine kwa lori, wengine nyumba zikiwa zimechomwa nyuma yao. Waliopanga vile vijiji, wengine walikuwa wamesoma. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakaingia Tanzania katika kipindi hicho, wakawekwa Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo, kwenye vijiji vilivyopimwa kwa kamba. Walilima, wakajilisha, wakalipa kodi, na wataalamu wakaandika kwamba huo ni mfano mzuri wa wakimbizi kujitegemea. Kutoka nje ya makazi walihitaji kibali. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani, juu nilikumbuka karatasi ya maswali ya mwaka ule. Kujitegemea, ndiyo, lakini ndani ya uzio.

Ukiniuliza nani kati ya wote hawa ningependa yule binti amsome kwanza, nitasema Mahmood Mamdani. Siyo kwa sababu nakubaliana naye kila mahali. Ni kwa sababu alikuwa mmoja wetu. Alizaliwa India akakulia Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mamdani akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi London, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo ya raia kugeuka mkimbizi. Halafu akaja kufundisha Dar es Salaam mpaka 1979. Amin alipoanguka akarudi Makerere. Katika miaka ya 1980 serikali ya Obote ikamvua uraia, akawa hana nchi mara ya pili. Na mwaka 2010 akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii Makerere, ile ile ambako Audrey Richards alihesabu Wanyarwanda na Warundi. Kiti kile alikikalia mtu aliyewahi kupanga foleni ya mkimbizi.

Ila kitabu chake ninachokitaka ni kingine, cha mwaka 1972, kuhusu kijiji kimoja cha India kinachoitwa Manupur, jimbo la Punjab. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikwenda sehemu ile na mradi mkubwa wa uzazi wa mpango. Waligawa vidonge nyumba kwa nyumba, wakaandika, wakahesabu, miaka inapita. Watu walipokea vidonge vizuri. Mwisho watafiti wakaona watoto wanaendelea kuzaliwa karibu kama kawaida. Mamdani alipokwenda mwenyewe baadaye kuuliza, wanakijiji walimweleza. Wageni wale walikuwa watu wapole, wametoka mbali sana, wangewakatalia vipi? Walipokea ili wasiwaumize roho. Vidonge wengi hawakutumia. Mtu mmoja alikuwa amepanga vile viboksi nyumbani kwake vikawa pambo.

Na sababu ya kuzaa ilikuwa wazi kwa kila mtu pale isipokuwa kwa watafiti: mkulima maskini asiye na mashine wala pesa ya kibarua anahitaji mikono shambani, na uzeeni anahitaji mtu wa kumtunza. Watoto hawakuwa ujinga wake. Walikuwa hesabu yake.

Nilipomaliza kusoma hayo nilifikiria nyumba ngapi hapa kwetu zina "pambo" la namna hiyo. Jiko banifu linalohifadhi vitunguu. Kitabu cha kikundi cha akiba kilichoandikwa siku moja kabla ya wakaguzi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwapanga vijana 30 kwenye kivuli ili wapigwe picha za mafunzo yaliyokwisha juzi, na waliofika juzi walikuwa 12. Tulifanya kwa adabu. Mgeni ametoka mbali.

Somo la wakimbizi lenyewe lilipata nyumba Oxford mwaka 1982, likianzishwa na Barbara Harrell-Bond, Mmarekani. Alifanya utafiti sehemu za Yei, kusini mwa Sudan ya wakati ule, kati ya Waganda waliokimbia baada ya Amin kuanguka. Ndiyo, Waganda. Vijana wetu wanashangaa kusikia kwamba watu wa nchi hii nao walikuwa wakimbizi, na wenyeji wao walikuwa watu ambao leo tunapanga nao foleni moja ya chakula. Kitabu chake cha 1986 kilisema wazi kwamba msaada ule ulikuwa unalazimishwa kutoka juu, na kwamba wengi waliojitafutia maisha nje ya kambi walikuwa na akili ya kufanya hivyo. Mashirika hayakufurahi. Baadaye aliishi na kufundisha Kampala, na watu wa Makerere wakaanzisha mwaka 1999 mradi wa sheria za wakimbizi ambao wengi wetu tunaujua. Kwa hiyo somo linaweza kuuma mkono ulioliandalia chakula. Nimeona mfano, sitaki kubisha.

Turudi kwenye fomu.

Nafasi za chuo kwa wakimbizi zimeongezeka kiasi. Ufadhili wa DAFI, unaolipiwa hasa na Ujerumani, ulianza mwaka 1992. Miaka michache iliyopita wakimbizi waliokuwa chuo kikuu duniani walikuwa asilimia 1 tu. Mwaka 2023 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa linataja asilimia 7, na lengo ni 15 ifikapo 2030. Ni hatua. Lakini mwenye cheti cha Kongo, kabla ya kuomba hapa Uganda, lazima cheti kilinganishwe na cha huku. Inataka tafsiri kutoka Kifaransa, inataka ada, inataka nauli ya Kampala. Changu nimekipeleka. Kwenye ofisi moja waliniambia jina la cheti na la kitambulisho cha ukimbizi yana herufi moja tofauti, nirudi nilikotoka nikarekebishe. Nikauliza nilikotoka wapi, Kivu? Yule bwana akaona aibu, akachukua karatasi.

Yule binti nilimpa haya yote kwa mdomo Jumapili moja, saa mbili nzima, nikiwa nimejiandaa kama mhubiri. Barua yake ya kwanza ilikuwa imeanza: "Mimi ni mnufaika wa miradi ya maendeleo tangu nikiwa na miaka saba." Nilitegemea angeifuta aandike juu ya Rodney au Manupur. Alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu juu ya yule mtu wa viboksi, akacheka sana. Wiki iliyofuata akaniletea fomu mpya. Ameandika uhasibu.

"Kaka, hao wa maendeleo wanaandika ripoti," akaniambia. "Mimi nataka kukaa pale penye kuandikwa bajeti."

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Nilimsahihishia tahajia ya Kiingereza, tukatuma.

Kwenye fomu yangu mimi sehemu ile nimeijaza: maendeleo ya kimataifa. Kwenye sababu nimeandika habari ya mama wa Fizi na swali lake, ingawa nafasi ilikuwa mistari mitano na nilizidisha. Mama mwenyewe nilimpitia juzi kununua lengalenga, nikamweleza kwamba naomba kwenda kusoma mahali ambako yale maulizo yanaendaka. Akaniongezea fungu moja, akasema nikifika nimuulizie na pesa ya chakula iliyokatwa. Cheti changu hakijarudi. Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi.